Kulala Porini Wakati wa Kipupwe na Kuijua Njia

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni. Yafaa kikundi kikutane, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni mna mazoezi na maswali ya kuzungumza.)

Leo twasema hasa na ninyi wa Milola na wa vijiji vingine vya bara ya Lindi na Kilwa, lakini hata aliye mbali akisikiliza hatapata hasara. Somo lenyewe ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: jinsi ya kulala porini siku za baridi bila kudhurika, na jinsi ya kujua uendako na utokako.

Huenda mtu akauliza, "Sisi wa Milola tuna haja gani na somo hili? Pori tumezaliwa nalo." Ni kweli, na historia yashuhudia. Tangu mwaka 1909 hadi 1913 wataalamu wa Kijerumani walichimbisha mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, wale waitwao dinosaria, katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Waliochimba walikuwa mamia ya wenyeji, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilichukuliwa vichwani na mabegani, safari ya siku nne kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, ndipo ikapakiwa merikebuni kwenda Ujerumani. Wapagazi wale walilala njiani. Walijua maji yalipo, na njia waliijua. Basi elimu hii si ngeni kwetu.

Lakini siku zile kijana alijifunza kwa kumfuata baba yake au mjomba wake, mwaka baada ya mwaka. Siku hizi vijana wengi hushinda shuleni, na safari zao huenda kwa pikipiki na basi. Siku mmoja wao anapoingia msituni kutafuta asali, kuni, au mbuzi aliyepotea, huenda hana aliyemfundisha. Akikosa njia jioni ya Julai, akiwa na shati moja tu mwilini, anakabiliwa na mambo matatu kwa pamoja: giza, baridi na wanyama. Ndiyo sababu ya somo hili.

VYAMA VYA WATEMBEZI

Katika nchi zenye theluji kuna vyama vya watembezi ambavyo huwafundisha watu kulala hemani juu ya theluji, na kutumia ramani na dira. Hata Afrika Mashariki vyama hivi ni vya siku nyingi. Mwaka 1929 kilianzishwa mjini Moshi chama cha wapanda milima cha Afrika Mashariki, na mwaka 1949 wenzetu wa Kenya wakawa na chama chao, Mountain Club of Kenya. Shule kubwa ya baridi katika nchi yetu ni mlima Kilimanjaro, ambao kilele chake kina mita 5,895 juu ya bahari.

Vyama hivi vina utaratibu mzuri unaofaa kuigwa. Mwanafunzi kwanza hutembea mchana mmoja na kurudi nyumbani. Safari ya pili hulala usiku mmoja karibu na kijiji, mahali ambapo akishindwa aweza kurudi. Safari ya tatu ndipo huenda mbali. Tena mwendo wa kundi zima ni mwendo wa yule aliye wa polepole kuliko wote, na mtu wa mwisho katika mstari huwa mtu hodari, ili asiachwe nyuma yeyote.

Juu ya utaratibu huo kuna kanuni moja ambayo nataka mwishike kuliko maneno mengine yote ya leo. Kanuni ni hii: porini kila jambo hufanywa kabla ya kuhitajiwa. Utatazama upande kabla ya kuingia msituni, si baada ya kupotea. Utavaa sweta kabla ya kutetemeka. Utatandika kitanda kabla ya jua kutua. Mtu anayengoja mpaka haja imfike hukuta mikono imekufa ganzi, macho hayaoni, na akili imechoka.

WEZI WANNE WA JOTO

Hebu kwanza tufahamu baridi ni nini. Hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda juu, kama nyuzi 6 za sentigredi kwa kila mita 1,000. Uwanda wa Rondo, magharibi ya mji wa Lindi, hufika karibu mita 900. Kwa hiyo usiku ambao Lindi mjini pana nyuzi 20, juu ya Rondo yaweza kuwa 15 au chini yake. Kwa hesabu hiyo hiyo kilele cha Kilimanjaro huwa na baridi ya nyuzi 35 zaidi ya pwani, ndiyo maana pana barafu.

Utasema, nyuzi 15 si kitu. Kwa mtu mkavu aliyeshiba, aliye ndani ya nyumba, si kitu kweli. Lakini mtu aliyelowa, mwenye njaa, aliyekaa penye upepo, aweza kupata hatari hata pasipo barafu. Joto la mwili huibwa na wezi wanne, na kila mwizi ana dawa yake.

Mwizi wa kwanza ni maji. Nguo iliyolowa hutoa joto mwilini upesi sana kuliko nguo kavu. Wala maji hayo si ya mvua tu. Jasho lako mwenyewe ni maji. Kwa hiyo kabla ya kupanda mlima vua nguo moja, upande ukiwa na ubaridi kidogo. Ukifika juu na kusimama, ivae upesi kabla jasho halijapoa. Nguo ya pamba hunywa maji na kukawia kukauka. Sweta ya sufi hutia joto hata ikiwa na unyevu. Weka siku zote nguo moja kavu ndani ya mfuko wa plastiki, nayo iwe ya kulalia tu. Usiivae mchana hata ukishawishika.

Mwizi wa pili ni upepo. Wakati wa kipupwe twavumiwa na kusi, utokao kusini-mashariki. Basi mlango wa hema au wa kibanda chako uelekee kaskazini-magharibi, na mgongo wake uukabili upepo. Kichaka kizito au kichuguu kikubwa nyuma ya kibanda chafaa pia, lakini kikague kwanza, maana nyoka nao hupenda vichuguu.

Mwizi wa tatu ni ardhi. Wengi hujifunika mablanketi mawili juu, na chini wana mkeka mtupu. Hilo ni kosa. Ardhi yanyonya joto usiku kucha. Mwenye mablanketi mawili atandike moja chini. Asiye nayo akusanye majani makavu, ayapige kwa fimbo kufukuza wadudu na nyoka, ayalundike kwa kimo cha shubiri moja na zaidi, maana yatalala chini yakilaliwa. Juu yake atandike turubai au mkeka.

Mwizi wa nne ni anga tupu. Usiku usio na mawingu joto la ardhi hupanda juu na kupotea, na umande huanguka. Paa lolote, hata la turubai au la makuti, huzuia. Tena hewa baridi ni nzito. Huteremka bondeni kama maji. Usilale chini kabisa bondeni wala katika mkondo wa kijito kilichokauka. Panda kidogo ubavuni mwa kilima, utaona tofauti mara moja.

Baada ya kuwafunga wezi hao, utie kuni ndani ya mwili, yaani chakula. Kula kabla ya kulala: ugali, maharagwe, karanga, korosho. Chai ya tangawizi yenye sukari nyingi yafaa sana. Pombe haifai. Mnywaji hujisikia moto kwa kuwa damu imekuja juu ya ngozi, na huko ndiko joto linakopotea. Wapanda mlima Kilimanjaro wana desturi nyingine njema: hutia maji ya moto katika chupa imara, huifunga sawasawa, na kulala nayo ndani ya blanketi. Nasi twaweza kufanya hivyo hivyo Rondo.

MOTO NA HATARI YAKE

Moto ni rafiki, lakini katika kipupwe majani ni makavu na kusi huvuma. Fyeka na ufagie duara, kutoka motoni mpaka kwenye majani mita 3 kila upande. Moto uwe mdogo. Asubuhi umwagie maji, uchanganye majivu kwa fimbo, kisha uguse kwa kiganja cha mkono. Kama bado wauma, bado haujazimika.

Jambo la pili lisikilizeni kwa makini. Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema au kibanda kilichofungwa ili upate joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hasikii kitu. Huendelea kulala, na asubuhi haamki. Hatari hii iko hata nyumbani, tena huua familia nzima kwa usiku mmoja. Ota moto nje, kisha uingie kulala.

WANYAMA NA MWEZI

Nchi yetu ya kusini imewahi kupata msiba mkubwa wa simba. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyoumizwa sana. Wengi walipatikana mashambani wakati wa mavuno, wakilala katika madungu kulinda mazao wasiliwe na nguruwe. Nguruwe hufuata mazao, na simba humfuata nguruwe.

Wataalamu walipochunguza habari za mashambulio hayo, waliona jambo ambalo kila mlala porini apaswa kulijua. Watu wengi walishambuliwa saa za mwanzo za usiku, kabla ya saa 4, na hasa katika siku zile zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake si ngumu. Mwezi ukiisha kupita siku ya 14, kila usiku huchelewa kuchomoza, karibu saa nzima. Kwa hiyo magharibi huwa giza, watu bado wako nje, na simba ambaye hakupata windo usiku wa mbalamwezi ana njaa.

Basi chagueni safari yenu kwa mwezi. Usiku wa kuanzia mwezi wa siku 7 hadi siku 14 una mwanga tangu jua linapotua. Siku zinazofuata, saa 12 jioni kila mtu awe ndani ya duara la moto, na asiondoke peke yake hata kwa haja ndogo. Msilale karibu na shamba la mahindi au la muhogo linaloingiliwa na nguruwe, wala karibu na maji wanyama wanakonywa. Na kabla ya yote, mwulizeni mwenyekiti wa kijiji na wazee wa hapo kama kuna habari za simba au tembo. Ikiwa zipo, safari yaahirishwa, wala hapana aibu. Kadhalika, msiingie msitu wa hifadhi, kama ule wa Rondo, bila idhini ya watu wa misitu.

DALILI ZA MTU ALIYEINGIWA NA BARIDI

Mwenye kushikwa na baridi ya hatari mara nyingi hajijui. Mwenzake ndiye hujua. Kwanza hutetemeka. Kisha vidole hukosa nguvu. Hawezi kufunga kifungo. Halafu hujikwaa, husema maneno kama mlevi, huwa mkali au mzembe. Mwisho huacha kutetemeka. Wasiojua husema, "Afadhali, ametulia." La! Hapo ndipo hatari ilipo kubwa kabisa.

Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mfunike kichwa na shingo. Mlaze juu ya kitu kikavu, si ardhini. Mtu mkavu mwenye joto alale naye katika blanketi moja. Akiwa na akili zake na aweza kumeza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu, usimweke karibu mno na moto, usimpe pombe. Kisha mpelekeni kwenye zahanati.

KUIJUA NJIA

Sasa tuje kwenye njia. Watu husema, "Mimi siwezi kupotea, nitakwenda moja kwa moja tu." Mwaka 2009 wataalamu wa Ujerumani walitangaza matokeo ya jaribio lao. Waliwaambia watu waende moja kwa moja, wengine katika msitu wa Ujerumani, wengine katika jangwa la Sahara huko Tunisia. Waliokuwa wakiliona jua au mwezi walikwenda vizuri. Lakini jua lilipofichwa na mawingu, wale wa msituni walizunguka duara, wakakata nyayo zao wenyewe bila kujua. Miguu ya binadamu haina dira. Yahitaji kitu cha nje cha kuifuata.

Kitu cha kwanza ni mipaka. Tazama nchi yetu ya bara ya Lindi: mashariki kuna bahari ya Hindi, kaskazini kuna mto Mbwemkuru, kusini kuna mto Lukuledi, magharibi kuna miinuko ya Rondo. Huo ni ua mkubwa. Ndani yake kila kijiji kina ua mdogo: barabara, kijito, ukingo wa mashamba ya mikorosho. Kabla ya kuingia msituni, sema kwa sauti mbele ya wenzako: "Barabara iko nyuma yetu, upande wa mashariki. Tukikosa njia twaenda mashariki mpaka tuikute." Maneno hayo machache yameokoa safari nyingi. Tena geuka nyuma mara kwa mara, maana njia ya kurudi haina sura ile ya kwendea. Mbuyu ulioupita asubuhi una upande mwingine jioni.

Kitu cha pili ni jua. Twasema lachomoza mashariki, lakini mashariki hasa ni karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba tu. Mwezi wa Juni huchomoza likiwa limeelekea upande wa kaskazini, karibu digrii 24. Desemba huelekea upande wa kusini kiasi hicho hicho. Usahihi utaupata kwa kijiti. Simika kijiti kilichonyooka mahali tambarare. Weka jiwe kwenye ncha ya kivuli. Ngoja robo saa au zaidi, uweke jiwe la pili kwenye ncha mpya. Jiwe la kwanza liko magharibi, la pili mashariki. Simama kwa namna ambayo jiwe la kwanza liko kushoto kwako na la pili kulia: unatazama kaskazini.

Na kivuli cha adhuhuri je? Lindi iko karibu digrii 10 kusini ya ikweta. Kwa hiyo tangu mwishoni mwa Februari mpaka karibu tarehe 20 Oktoba jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini, na kivuli chaelekea kusini. Toka hapo mpaka Februari kivuli chaelekea kaskazini. Katika zile siku mbili za kugeuka, jua hupita utosini, nawe hukanyaga kivuli chako mwenyewe.

Kitu cha tatu ni nyota. Hapa tahadhari na vitabu vya Ulaya. Hufundisha kutafuta Nyota ya Kaskazini, lakini nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho. Haionekani Lindi hata ungoje mpaka kuche. Sisi tuna Msalaba wa Kusini. Mwisho wa Mei, saa 2 usiku, husimama wima upande wa kusini. Katikati ya Juni huwa wima mapema, mara giza linapoingia. Julai na Agosti utaukuta umeinama kuelekea kulia, na baadaye usiku hutua.

Kuna nyota nyingine zinazofanana na msalaba, zikawadanganya watu. Ule wa kweli una wasindikizaji: nyota mbili kali zilizo karibu nao, ambazo, msalaba ukiwa wima, ziko kushoto kwake. Ukiupata, chukua urefu wa msalaba kutoka kichwani mpaka mguuni, uuendeleze mbele ya mguu mara 4 na nusu. Utafika mahali patupu angani. Teremka kutoka hapo moja kwa moja mpaka ardhini: hapo ndipo kusini. Na kuna njia ya kujihakiki. Nyosha mkono mbele, kunja ngumi, uikalishe juu ya upeo wa macho. Mahali pale patupu ni kama ngumi moja juu. Ikiwa umepata ngumi tatu, rudia hesabu.

Msalaba ukiisha kutua, ngoja alfajiri. Katikati ya Julai, karibu saa 10, nyota tatu zilizopangana mstari mmoja huchomoza karibu na mashariki halisi. Wataalamu huziita mshipi wa Orioni. Zinapochomoza huonyesha mashariki, zinapotua huonyesha magharibi, mwaka mzima.

Kitu cha nne ni dira na ramani. Ramani nyingi za nchi yetu zina kipimo cha 1 kwa 50,000. Maana yake sentimita moja ya karatasi ni mita 500 za ardhi. Mistari ya kimo ikisongamana, pana mteremko mkali. Ikiachana, pana uwanda. Dira ishikwe sawasawa kama sahani ya mchuzi, mbali na panga, simu na kitu chochote cha chuma, maana chuma huivuta sindano. Kama ulikwenda kwa digrii 240, utarudi kwa kutoa 180, yaani digrii 60. Namba ikiwa chini ya 180, ongeza 180 badala ya kutoa.

Wengine watasema simu yatosha. Simu ni msaada mkubwa, na yaweza kuonyesha mahali hata pasipo mtandao ikiwa ramani imewekwa ndani mapema. Lakini betri huisha, na baridi hulipunguza nguvu. Simu iwe ya pili, si ya kwanza.

Kitu cha tano ni hatua zako. Pima mita 100 kwa kamba barabarani. Tembea, uhesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga. Mmoja atapata 60, mwingine 70. Kila mtu na yake. Porini, kila ukimaliza mita 100, hamisha korosho moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Korosho 10 ni kilomita moja. Usizile kabla ya kufika.

UKIPOTEA

Ukiona shaka, simama. Kaa chini, kunywa maji. Jiulize: ni mahali gani pa mwisho nilipokuwa na hakika? Kama ni karibu na nyayo zaonekana, rudi hapo. Kama saa 10 alasiri imepita, acha kutafuta njia, anza kutengeneza mahali pa kulala, maana jua hutua karibu saa 12 na giza la kwetu huja upesi. Piga filimbi au gonga panga kwenye gogo mara tatu, nyamaza dakika moja, piga tatu tena. Na yule uliyemwaga nyumbani, ukamwambia unakwenda wapi na utarudi lini, ndiye atakayewaleta watu. Usiondoke bila kumwambia mtu huyo.

MAZOEZI YA KIKUNDI

1. Simikeni kijiti shuleni au msikitini uani, mpate kaskazini kwa mawe mawili. Rudieni wiki ijayo mlinganishe.

2. Katika uwanja wa mpira, mfungeni mmoja macho kwa kitambaa, aende moja kwa moja kutoka goli hadi goli. Wengine watazame anapindia wapi.

3. Kila mtu apime hatua zake za mita 100 aandike namba yake.

4. Laleni usiku mmoja kando ya kijiji, nusu ya kundi juu ya mkeka mtupu, nusu juu ya majani makavu. Asubuhi mwulizane nani alilala.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ni mipaka gani minne inayozunguka kijiji chetu, ambayo mtoto wa miaka 10 aweza kuitambua?

2. Mmekwenda kwa digrii 300. Mtarudi kwa digrii ngapi?

3. Mwenzenu ametetemeka sana, sasa ametulia na anasema maneno yasiyoeleweka. Mtafanya nini kwanza?

4. Ni wazee gani wa hapa wanaozijua njia za zamani za kwenda Lindi kwa miguu? Nani atakwenda kuwauliza, na lini?

Ndugu wasikilizaji, swali hilo la mwisho lisiachwe. Dira yaweza kununuliwa dukani, lakini jina la kisima kilichokuwa kikinywesha wapagazi halinunuliwi, na mwenye kulijua hakai milele. Kwaherini, mpaka somo lijalo.